Ubao wa Kumsimamisha Tiyumba

Nilikuwa seremala wa kliniki ya viungo vya watoto pale Tamale, kaskazini mwa Ghana. Siku hiyo nilileta ubao wa kumsimamishia Tiyumba, mtoto wa miaka mitatu, ili nimpime kabla ya kuupiga misumari.

"Miguu imelegea," alisema bibi yake, Sanatu. "Kila asubuhi namfukia mchangani hadi kiunoni, kama tulivyofukiwa sisi tukakaza miguu. Huyu bado anaanguka."

"Mwezi uliopita alikuwaje?" aliuliza Wunpini, mtaalamu wetu wa viungo.

"Mwezi uliopita? Si alikuwa anawamaliza kuku wangu kwa kuwakimbiza!"

Wunpini hakucheka. Alimlaza mtoto kifudifudi, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo. Kidole kikasimama juu ya kinundu kidogo.

"Bibi, mtoto ambaye hajawahi kutembea tunamfundisha. Aliyetembea kisha akaacha, kuna kitu kinamzuia. Naogopa mfupa huu unaliwa na ugonjwa kwa ndani. Leo hatumsimamishi wala hatumnyooshi. Aende hospitali kuu sasa hivi."

"Hata kuzaa hujazaa, unanifundisha mgongo wa mtoto!" Sanatu akamnyakua mjukuu, akainama amfunge mgongoni kwa kitambaa.

"Usimbebe hivyo!" Wunpini alipaza sauti. "Ukimkunja, huenda asitembee tena!"

Bibi akaganda vile vile alivyoinama, mtoto juu yake. Tukamtelezesha mtoto taratibu, tukamlaza kwenye ubao wangu. Wunpini akamtekenya nyayo. Vidole vya mguu wa kulia vikacheza. Mguu wa kushoto aliutekenya mara tatu, kisha akaniambia nishike ubao upande wa kichwa, twende hospitali.