Viti Ishirini na Viwili

Fundi Kipimo alikuwa mbishi tangu ujana, na uzee haukumpunguzia hata chembe. Alipoacha kazi ya useremala, watu walidhani atakaa barazani aote jua. Wapi. Alikwenda kujitolea kwenye chekechea ya kijiji, chumba kimoja chenye bati jipya na sakafu ya udongo, ambako watoto walikuwa wakikaa chini. Kwa miezi mitatu alitengeneza viti ishirini na viwili kwa mabaki ya mbao, kila kimoja kwa kipimo cha goti la mtoto mwenyewe. Jina la utani hakulipata bure.

Mgongoni mwa kila kiti alichora picha aliyoichagua mtoto: kuku, nyota, jembe. Msichana mmoja waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, aliomba mlango, akachorewa mlango. Ijumaa fundi aligawa viti kwa mbwembwe zote. Kila mtoto aliambiwa, "Hiki ni chako. Chako mwenyewe, asikunyang'anye mtu."

Jumatatu asubuhi darasani hapakuwa na kiti hata kimoja.

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Babu, si uliwaambia ni vyao? Wamekwenda navyo kwao."

Fundi hakucheka, kwa sababu Alhamisi mkaguzi alikuwa anakuja. Bila kiti kwa kila mtoto chekechea haisajiliwi, na isiposajiliwa inafungwa. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo asiouweza mtoto wa miaka mitano. Akashika kiguu na njia, nyumba kwa nyumba, uso ameukunja.

Nyumba ya kwanza alimkuta mama amekalia kuku, akinyonyesha kichanga. Ya pili, juu ya jembe palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa, iliyoinuliwa mbwa asiifikie. Ya tatu, baba mwenye nyumba alikuwa juu ya nyota, magoti yakimgusa kidevu, akishona kandambili. Kila mara fundi alipofungua mdomo kudai, alishukuriwa kwanza. Utamdai vipi mtu anayekushukuru?

Mwisho alifika kwa bibi yake Chiriku. Bibi huyu alikuwa na magoti mabovu. Tangu mvua zianze hakuwa amevuka ua wake, kwani akishakaa mkekani alihitaji watu wawili wa kumwinua.

"Tazama," alimwambia fundi. Akainuka kwenye kile kiti cha mlango, akakaa, akainuka tena, peke yake, akijisifu kama mtoto aliyejifunza kuruka kamba.

"Kibaki hapa, dada," fundi akasema.

"Na mjukuu wangu akae wapi?"

"Hilo niachie mimi," alisema fundi.

Jumanne na Jumatano alikata mbao bila kupumzika. Alitengeneza vigoda, ili kila nyumba ipate chake na kiti kirudi shuleni. Watoto walipiga msasa mpaka wakawa weupe kama waliotoka kinuni, na mwalimu alipigilia misumari, mingine ikapinda. Mbao ziliisha wakati bado nyumba moja. Hata hivyo kigoda kisingemfaa bibi, kilikuwa chini mno.

Alhamisi watoto walikuja na viti vichwani. Mkaguzi, kijana mwenye faili na viatu vilivyokuwa vyeusi kabla ya vumbi, akahesabu. Watoto ishirini na mmoja, viti ishirini na kimoja.

"Daftari linasema ishirini na wawili," alisema. "Huyo mmoja na kiti chake?"

"Wako njiani," fundi alijibu. Mkaguzi alitazama saa mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaanza kufunga faili.

"Chiriku anakuja," mtoto mmoja akasema dirishani. "Anakuja na bibi."

Wote wakatoka nje. Chiriku alitangulia na kiti kichwani, bibi akifuata na fimbo. Kila hatua ishirini hivi mtoto alitua kiti, bibi akakaa, akavuta pumzi, akainuka, wakaendelea. Chiriku alikuwa akihesabu vituo. Alifika kumi, namba zikamwishia, akaanza upya.

Ndani, bibi akaketi. Mkaguzi akakuna kichwa. "Kiti nakiona. Lakini mtoto amesimama."

Bibi akamvuta mjukuu, akampakata. "Sasa amekaa. Andika, mwanangu, wino usije ukakauka."

Mwalimu alicheka, watoto wakacheka hata wasiojua kilichochekesha, na mkaguzi naye akashindwa kujizuia. Akaandika ishirini na viwili, akagonga mhuri. Fundi alifurahi waziwazi, jambo ambalo kijiji hakikulizoea.

"Kesho nakuja tena," bibi alimwambia. "Nitawasimulia hadithi hawa."

"Basi tukupatie kiti chako, Chiriku apate kukaa na wenzake." Fundi akatoa futi yake mfukoni, akapiga goti, akampima. "Mgongoni nikuchoree nini?"

Bibi aliitazama, kupitia mlangoni, njia ile ndefu aliyoipita.

"Nichoree miguu," akasema. "Miwili inatosha."