Masikio Themanini

Nililala na hasira, ndiyo maana usiku wa jana niliota magunia yamepanga foleni zahanati.

Kwanza nieleze hiyo hasira. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha chokaa, mwaka wa tisa sasa. Jina langu Namkunda, ila kiwandani naitwa Dada Stoo. Chokaa yetu ikitoka tanuruni hutiwa kwenye yale magunia makubwa ya plastiki yenye masikio manne ya kunyanyulia, gunia moja tani moja. Tunayaita majumbo. Foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo yenye meno mawili mbele, hulinyanyua jumbo mpaka juu ya mashine ya kupakia mifuko midogo, halafu mtu mmoja huingia chini yake na kufungua kamba ya mdomo wa chini ili unga ushuke. Kazi hiyo sisi tunaiita kukama. Mkamaji wetu ni Mzee Semkiwa, ambaye kwao walifuga ng'ombe. Kabla ya kufungua huligonga jumbo tumboni mara mbili kwa kiganja na kuliambia, "Tulia, mama." Kiwanda kizima hucheka, mwenyewe hacheki.

Jana mchana msimamizi wetu, Bwana Chamshama, aliniagiza nitoe majumbo ishirini ya zamani, yale matupu yaliyolala uwanjani tangu masika na kuingizwa stoo juzi, yatumike leo asubuhi.

"Bosi, yale ni ya safari moja," nikamwambia. "Imeandikwa kwenye lebo."

"Gunia ni gunia, Namkunda. Kama lebo inakusumbua, ikate."

Nikaikata. Nilikata lebo ishirini kwa mkasi wa stoo, nikazitupa kwenye ndoo ya taka, nikafunga mlango. Nyumbani nilioga, chakula kikanishinda. Nilimkasirikia Chamshama, lakini nilijikasirikia mimi zaidi, kwa sababu mkasi ulikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyenishika mkono.

Basi naota. Stoo yangu imekuwa zahanati. Majumbo ishirini yamekaa kwenye mabenchi, matupu, yamekunja masikio mapajani yanasubiri kuitwa. Nesi ni foko. Amevaa glavu kwenye meno yake yote mawili na ananuka dizeli.

"Jina?" analiuliza jumbo la kwanza.

"Limekatwa," linajibu. Majumbo yote yanageuka kunitazama.

"Umri?"

"Safari moja."

"Umeshakwenda ngapi?"

"Saba."

Foko anaandika. "Basi umeshakufa mara sita. Kaa pale na wenzako, mtaitwa."

"Tutaitwa wapi?"

"Kazini."

Nasimama na kusema haiwezekani, marehemu haendi kazini. Foko hapandishi sauti. "Dada, aliyesaini ni wewe," anasema, na kunionyesha karatasi. Kweli sahihi ni yangu, hata ule mkia wa mwisho ninaopenda kuuvuta. Kwa hasira naitia ile karatasi mdomoni naitafuna. Ina ladha ya chokaa na inaniunguza ulimi, lakini naimeza yote.

Jumbo lililokaa pembeni yangu lina kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Linaniinamia.

"Unajua nilizaliwa na nguvu ngapi?"

"Tano," nasema. Hilo nalijua, tulifundishwa. "Moja ya kubeba mzigo, nne za kuzuia ajali."

"Ingia ndani uwaone."

Linafungua mdomo wa juu, nami naingia. Ndani kuna chumba chenye vigoda vitano. Vinne vitupu, na vumbi limeshavikalia.

"Nani amewachukua hawa?" nauliza.

Jua linaingia bila kupiga hodi. Limevaa shati la kitenge na linajifuta jasho.

"Wa kwanza nilimchukua mimi," linasema. "Mliliacha jumbo uwanjani miezi mitatu. Nilidhani ni sadaka."

"Hatukukupa!"

"Wala hamkulifunika. Turubai moja tu lingetosha. Mlikuwa nalo?"

Tulikuwa nalo. Bwana Chamshama alifunikia gari lake. Jua linajua, maana siku zote hizo lilikuwa juu yetu.

Nyuma yake inaingia sindano ya cherehani, inachechemea, inaburuta uzi wa buluu. "Wa pili ni wangu," inasema. "Niliambiwa nizibe tundu moja. Niliziba kwa kutoboa mia."

Halafu fundo. Fundo linajitambulisha kwa adabu zote. "Dereva wenu hana subira ya kutafuta masikio manne, kwa hiyo hunifunga mimi juu, ananing'iniza, basi. Wa tatu alikufa mikononi mwangu. Poleni."

Wa mwisho ni Robo Tani. Mlango haumtoshi, anapita kwa ubavu, anahema. "Mimi sikualikwa," anasema. "Jumbo lilikuwa limeshajaa, nikarundikwa juu. Kigoda cha nne nilikikalia na mwenyewe yuko juu yake."

Nawagombeza wote. Nawaambia hawana haya, wanaingia katika mwili wa mtu na kujichukulia. Napiga kelele mpaka kuta za gunia zinatikisika. Sindano inasubiri nimalize.

"Haya tunayo, dada," inasema. "Sisi tulikuja tulipoitwa. Waliotuita unawafahamu, na kwao hujapiga kelele hata siku moja."

Hapo ndipo naona kigoda cha tano kina mtu. Amenipa mgongo, amenyoosha mikono yote miwili juu, ameshikilia dari. Kofia naifahamu, ile ya mkamaji, iliyogandiwa na chokaa.

"Mzee Semkiwa! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Unafanya nini humu?"

"Nashikilia."

"Tangu lini?"

"Tangu wale wanne waondoke. Lazima mmoja abaki ashikilie, au siyo?" Anaongea bila wasiwasi, kama anayesubiri chai iive. "Wewe hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Sijamjibu, napepesa macho, na tuko zizini. Kinyesi kinanuka vizuri kabisa. Jumbo la kiraka cha buluu limejaa mpaka shingoni na linaning'inia kutoka mbinguni. Hakuna foko, hakuna winchi. Kuna kamba moja inayopanda mpaka kwenye wingu, na juu ya wingu amekaa Bwana Chamshama. Ameishika kamba kwa vidole viwili. Mkono wa pili una simu.

Chini ya jumbo, Mzee Semkiwa amechuchumaa na kibuyu cha maziwa katikati ya magoti.

"Bosi, usiachie!" napiga kelele. "Kuna mtu chini!"

"Gunia ni gunia," anasema Bwana Chamshama, hanitazami.

"Na mtu?" simu yake inamwuliza.

"Subiri kidogo," anaiambia, "nina mteja."

Natamani kupanda lile wingu nimshushe kwa masharubu. Natafuta ngazi zizi zima, napata ndama tu.

"Dada Stoo," jumbo linaniita kutoka juu. "Ukutani kwako umebandika nini?"

"Masharti ya magunia."

"La mwisho linasemaje?"

Ukuta unakuja wenyewe, unasimama mbele yangu. Nasoma: Gunia lililomaliza safari yake likatwe masikio, lisinyanyuliwe tena.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Basi nikate."

"Nitafukuzwa kazi."

"Na mimi nitaanguka. Mimi sina neno, mimi ni plastiki. Muulize aliyechuchumaa."

"Ngoja kukuche kwanza," naliambia. "Nitaongea na bosi vizuri, kwa utaratibu."

Kwa mara ya kwanza jumbo linakasirika. Linateremsha sikio moja mpaka mbele ya pua yangu. "Sugua!"

Nalisugua kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Sikio linaniishia vidoleni. Linatoka unga, kama muhogo mkavu.

"Unaona?"

"Naona."

"Hata jana uliona."

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko jua, kuliko sindano, kuliko Chamshama na simu yake. Nilikuwa nimeona. Nilipokuwa nakata lebo nilitazama yale masikio yalivyopauka, nikajifanya kutazama saa.

Mzee Semkiwa anainua kiganja. Anagonga tumbo la jumbo mara moja. Nataka kumwambia atoke, lakini mdomo wangu umefungwa kwa kamba, ile ile ya mdomo wa chini, na fundo liko nyuma ya shingo nisikofikia. Naona vidole vya Bwana Chamshama vinabadilishana kamba ili simu ikae vizuri sikioni.

Mzee anagonga mara ya pili.

"Tulia, mama."

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nilikaa kitandani natukana peke yangu, matusi ambayo sitayaandika. Nilipotaka kujifuta uso nikaona vidole vyangu viwili, gumba na cha shahada, ni vyeupe.

Mtu wa chokaa haogopi weupe vidoleni. Ila jana nilioga, na tena nilijisugua. Nikavitumbukiza kwenye beseni la maji. Chokaa ukiitia majini huyachafua yakawa kama maziwa, kisha hutuama chini. Hii haikuyachafua maji. Ilielea. Nikasogeza taa ya simu. Vilikuwa vijinyuzi vyembamba vya plastiki, vyeupe, vimekatikakatika, na katikati yake uzi mmoja wa buluu. Jana nilishika lebo tu, ambazo hushonwa ubavuni. Masikio sikuyagusa.

Sikunywa hata chai. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshafungua stoo kwa ufunguo wangu, nimejifungia ndani na mkasi ule ule uliokata lebo. Majumbo ishirini, masikio manne kila moja. La kiraka cha buluu nilianza nalo. Mengine hayakuhitaji mkasi, niliyavuta kwa mkono yakanyofoka. Kila lililonyofoka lilinizidishia hasira.

King'ora kilipolia saa moja nilikuwa nimebakiza mawili, na Bwana Chamshama anagonga mlango. Nikamfungulia.

"Umefanya nini, Namkunda?"

"Gunia ni gunia, bosi," nikamwambia, huku nakata. "Nyanyua hivyo hivyo."

Sasa ni saa tatu asubuhi. Nayaandika haya nimekaa kwenye tofali nje ya geti, sina kazi, na mlinzi amekatazwa kuongea na mimi. Muda mfupi uliopita Mzee Semkiwa alitoka, kofia mkononi. Leo hakuna kukama, wamewarudisha nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida.

"Umetukosesha siku nzima, mwanangu," alisema. "Majumbo yale yalikuwa mazima."

Nilikuwa nimetoka na sikio moja mfukoni. Nikampa. "Lisugue, baba."

Alilisugua. Unga ukamtoka vidoleni, upepo ukauchukua. Akalitazama lile sikio, akatazama juu, pale ambapo jumbo lingekuwa linaning'inia wakati ule, kisha akakaa chini kwenye vumbi bila kuchagua mahali. Mimi nilikuwa bado nafoka: nilimfokea Chamshama aliyekuwa ndani, nilifokea geti, nilijifokea mwenyewe kwa zile lebo ishirini.

Mzee Semkiwa akanigonga mgongoni kwa kiganja, mara mbili.

"Tulia, mama," akaniambia.

Mpaka naandika haya sijatulia.