Tafsiri ya Mama Mado

Mume wangu Camille ni mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, katika kiwanda cha Panda, na tangu mazungumzo ya mkataba mpya yaanze, nimekuwa nikiishi na bubu. Wajumbe na wakubwa wa kampuni waliapa juu ya Biblia: neno lisitoke mpaka siku ya sahihi. Nilikichukia kiapo kile. Mficha uchi hazai, lakini Camille alizidi kuficha.

Ndugu yangu Dan alikuwa mfanyakazi wa tanuru la shaba, fonderie. Watu wa mgodi wa Kakanda walimwita kazini kwao, wakataka jibu Jumatatu. Jumamosi akaja kwetu.

"Shemeki, niende ao nibakie? Uniambie tu."

"Niliapa, Dan."

"Miye ni wa nyumba yako!"

Camille akaangalia sahani yake. Nilitamani kumrushia mwiko.

Kesho yake kanisani Camille akaanza kunena kwa lugha, kama kila Jumapili. Kwetu anayenena hutafsiriwa na mwingine, na mtafsiri wetu ni Mama Mado, mjane anayeuza makaa, ambaye hajakanyaga kiwandani hata mara moja. Alisimama, macho ameyafumba.

"Anasema: moto ya fonderie itazimishwa. Bantu ya kule batarudishwa ku manyumba."

Camille alinyamaza ghafla, uso ukawa wa majivu. Dan alitoka bila kungoja sadaka, akashika njia ya Kakanda.

Wajumbe wenzake Camille walimwita mvunja kiapo.

"Nilikuwa ninaomba tu," Camille aliniambia. "Miye mwenyewe sijue nilisema nini."

Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa wanaume wa fonderie, hata Wakatoliki. Hawakuja kuomba. Kabla ya sahihi bado wangeweza kugoma, na walitaka kusikia yaliyobaki. Walikuwa wamemwekea Camille kiti mbele, ubavuni mwa Mama Mado.

Nilimwona mume wangu akisokomeza leso kinywani na kuiuma. Nyimbo zikaisha. Camille hakutoa hata mguno.

Mama Mado akafumba macho, akaanza kutafsiri.

"Anasema: munisamehe. Tulisha kusaini jana."

Nilimgeukia mume wangu ili akane. Leso ilikuwa bado kinywani, imelowa machozi, naye alikuwa anaitikia kwa kichwa.