Hodi ya Tatu

Majivu yalikuwa bado na joto. Rosalia aliyasikia vidoleni alipoliinua jiko ili alisogeze nyuma ya ukuta, na kwa kitambo mikono yake ikasita. Kisha akatazama jua. Lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya minazi, na mwanga aliokuwa akiutaka usingemsubiri. Akaliweka jiko mahali pasipoonekana. Akauondoa ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akaiteremsha kanga iliyoanikwa kambani, akaikunja pembe kwa pembe jinsi mama yake alivyomfundisha, akaiweka juu ya jiwe. Aliporudi nyuma na kuinua kamera, nyumba ilikuwa imekuwa vile alivyotaka iwe: ngazi zilizoota nyasi, kuta zilizobanduka chokaa, na katikati mlango wa mvule wa rangi ya samawati, umeachwa nusu wazi, kama mtu aliyekatizwa maneno.

"Wewe dada, hata hodi hujabisha!" Kazungu alimpigia kelele kutoka barabarani, alikokuwa akilitilia gari maji.

"Nimbishie nani? Popo?"

"Kwani popo hawana kwao?"

Rosalia akacheka, akabonyeza.

Kazungu alikuwa kijana wa Kaloleni aliyeendesha gari la mjomba wake, na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza alimchukua Rosalia pale Magongo wakafuata barabara yoyote iliyowapendeza. Walikwenda kutafuta mahame. Walikuwa wamepiga picha stesheni za reli zilizofungwa upande wa Mariakani, kinu cha pamba kilichonyamaza, na hoteli za ufuoni ambazo wageni walizihama na nyani wakazirithi. Kila walipofika, Kazungu alivua kofia, akasimama kizingitini na kubisha hodi mara tatu kwa sauti ya adabu. Kisha alijiitikia mwenyewe, "Haya, karibu," ndipo akaingia.

"Na siku utakapoitikiwa na mwingine?" Rosalia alimuuliza wakati mmoja.

"Siku hiyo gari utaliendesha wewe, mimi nitakuwa mbele kwa miguu."

"Kwa nini mara tatu?"

"Ndivyo tulivyolelewa. Ya kwanza, mwenyewe asikie. Ya pili, ajitengeneze. Ya tatu, aamue. Asipoitikia ya tatu, unageuka unakwenda zako. Ukibisha ya nne, hiyo si hodi tena, ni ugomvi."

Rosalia aliyaona hayo kuwa mambo ya watu wenye nafasi. Yeye hakuwa na nafasi. Tangu alipomzika mama yake huko Butere na kuifunga nyumba kwa mkono wake, miguu yake haikujua kutulia. Siku za kazi zilikuwa nafuu, maana cherehani za kiwandani hazikumwachia mtu pumzi ya kuwaza. Lakini siku ya mapumziko chumba chake kilimbana kama kiatu cha kuazima. Alikula amesimama. Alisali rozari akizunguka kati ya kitanda na dirisha, na mara nyingi alipofika mwisho hakukumbuka alikuwa akiwaombea akina nani. Ndani ya mkoba wa kamera, kwenye mfuko mdogo wa zipu, ulikuwamo ufunguo wa ile nyumba ya Butere. Hakuutoa, wala hakuwa na ujasiri wa kuuacha chumbani.

Usiku alipoiweka picha ile mtandaoni, aliandika chini yake maneno yaliyomjia bila kuyatafuta: *Hakuna aliyebaki.* Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akaeleza njia: ukivuka feri ya Likoni, ushike barabara ya Mtongwe, uulize nyumba ya zamani ya wageni yenye mlango wa samawati.

Picha ilipendwa kuliko zote alizowahi kupiga. Watu asiowajua walimwandikia kwamba iliwatoa machozi. Haukupita muda, kikundi kilichokuwa kikiandaa maonyesho ya picha mjini kikamwomba ruhusa ya kuichapisha kubwa, itundikwe mkabala na lango, iwe ya kwanza kuonwa na kila aingiaye. Kiwandani Carolyne, aliyeshona kwenye mashine ya jirani, alimshika mikono akamchezesha.

"Sasa Rosa utatujua kweli? Utatupita hapa na miwani ya jua, 'hamjambo wananchi'!"

Rosalia alicheka naye, lakini aliporudi kitini alikumbuka joto la majivu.

Jioni moja ya katikati ya wiki alimkuta Kazungu akimngoja nje ya lango la kiwanda. Hakuwa na mzaha usoni.

"Nilikuwa na mzigo wa kupeleka Mtongwe," alisema. "Nimepita pale kwa mlango wa samawati. Mlango haupo."

"Haupo vipi?"

"Umeng'olewa. Na fremu za madirisha, na mabati ya jikoni. Watu walikuja na mkokoteni mchana kweupe. Jirani alipowauliza, wakamtolea simu. Wakamwambia, 'Mzee, hujui kusoma? Si imeandikwa hakuna aliyebaki?'"

Rosalia akatoa simu, akaifungua ile picha.

"Na alikuwapo mtu, Rosa. Mama mmoja, anaitwa Kahaso. Alikuwa mpishi wa wageni enzi zile. Mwenye nyumba alipoondoka alimwambia akae mpaka atakaporudi, naye hakurudi. Juzi mama alikwenda kuzika ndugu yake Ganze. Karudi, kakuta tundu."

"Umemwambia ni mimi?"

Kazungu akazungusha kofia mikononi. "Nilimsalimu, nikamsaidia kufagia vigae. Hilo jingine si langu kulisema."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kulisema. Hilo ndilo lililomkosesha Rosalia usingizi: angeweza kunyamaza na picha itundikwe, watu wailie machozi, na dunia isijue. Aliifuta mtandaoni, akaona kwamba kuifuta hakukurudisha hata bawaba. Watu wa maonyesho walimwandikia wakitaka jibu. Hakuwajibu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akajaribu kumweleza Mungu kwamba hakujua, na neno hilo likamkwama, kwa sababu vidole vyake vilijua. Vilijua tangu vilipogusa jiko.

Jumamosi alikesha juu ya kitambaa kizito cha turubai alichoruhusiwa kuchukua kutoka kwenye mabaki ya kiwanda, akashona pazia refu la mlangoni lenye pindo mbili na vitanzi vya kutundikia. Kesho yake kanisani, waumini walipojipiga kifua katika sala ya kukiri, mkono wake uliganda kifuani muda mrefu baada ya wengine kushusha yao. Misa ilipokwisha, Kazungu hakuuliza wanaelekea wapi. Foleni ya feri iliwaweka hadi alasiri.

Walimkuta Mama Kahaso ameketi ndani, hatua chache kutoka pale mlango ulipokuwa, akichambua mchicha kwenye ungo. Nuru ya alasiri iliingia hadi miguuni pake bila kizuizi. Rosalia alikuwa amekwisha kujieleza kichwani mara nyingi njia nzima, na sasa haraka ile ile ya kila siku ikamsukuma. Akavuka kizingiti na kuchutama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho ya mama yule yakaenda kwenye turubai aliloshika, yakarudi usoni. "Umekuja na huyu kijana wa juzi? Huyu ana adabu. Afagia kama msichana."

Nje Kazungu akakohoa.

"Siku hizi nyumba yangu ina wageni wengi," Kahaso akaendelea, vidole vyake vikifanya kazi. "Kabla ya hawa wa mkokoteni kuna mmoja alikuja nimekwenda kisimani. Sikumwona. Nilirudi nikakuta kanga yangu imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Nikasema, aliyepita hapa ni mtu aliyelelewa. Moyo wangu ukatulia. Hata nilipokwenda matangani sikuwa na wasiwasi, nilijua watu wa huku ni watu wema."

Rosalia aliweka pazia sakafuni.

"Kanga niliikunja mimi, mama."

Akatoa simu akamwonyesha picha. Akamweleza jiko, ufagio, maneno aliyoandika, na njia aliyoelekeza. Hakusema kwamba hakujua. Mama Kahaso aliisogeza simu mbali kidogo na macho, akaitazama muda mrefu.

"Mlango wangu huu," alisema taratibu. "Kumbe ulikuwa mzuri hivi." Akagusa kioo kwa ncha ya kidole, picha ikakua, mlango ukajaa simu nzima. "Na mimi niko wapi hapa?"

"Nilikutoa."

"Ukanitoa." Alimrudishia simu. "Kwenu wapi, mwanangu?"

"Butere."

"Nani anakaa kwenu?"

Rosalia alifungua kinywa, na maneno yaliyotaka kutoka yalikuwa yale yale aliyoyaandika chini ya picha. Akayameza. Mkono wake ulikuwa umeingia wenyewe kwenye mfuko mdogo wa mkoba, ukaushika ufunguo.

Mama Kahaso aliurudia mchicha wake. Alichambua shina moja, na jingine. Kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Siku ile, ulibisha hodi?"

"Hapana."

"Na leo?"

Rosalia akageuka kutazama tundu alilopitia. "Hapana, mama."

"Basi toka."

Alisema bila ukali, na kwa hiyo maneno yakapenya zaidi. Rosalia aliinuka, akaokota pazia lake, akatoka hadi kwenye ngazi zenye nyasi. Kazungu, aliyekuwa kando ya mpapai, alivua kofia. Kwenye fremu ya mlango yalibaki matundu ya misumari, na upande mmoja ukanda mwembamba wa rangi ya samawati ambao mtaimbo uliusahau.

"Hodi," Rosalia akasema.

Sauti yake ilitoka nyembamba. Ndani ungo uliwekwa chini. Ikasikika jiko likiburutwa, kisha pumzi ya mtu apulizaye makaa. Simu ikatetemeka mkobani. Watu wa maonyesho, bila shaka. Hakuitoa.

"Hodi."

Moshi mwembamba ukaja ukapita pale mlango ulipokuwa, ukatoka nje, ukamzunguka miguuni. Kikombe kiligongana na kingine. Pengine mama yule alikuwa akijitengeneza. Pengine alikuwa akiamua.

Imebaki moja. Rosalia alilikumbatia turubai kifuani, akasimama mahali pake. Jua lilikuwa likiteremka nyuma ya minazi, na mwanga ulikuwa mzuri kuliko wa siku ile. Aliuacha upite. Ile ya tatu aliihifadhi kinywani, hakutaka kuiharakisha, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Butere miguu yake haikuwa na mahali pengine ilipotaka kwenda.