Uji wa Mama Fidel

Mwanatatu na Phoebe walipanga nyumba moja huko Mtongwe, milango yao ikitazamana ushorobani. Mwanatatu alikuwa mwenyeji, mke wa Jafar dereva wa tuktuk. Phoebe alitoka bara na mumewe, mfanyakazi wa bandarini. Tangu waingie waliazimana chumvi na makaa, na Mishi, bintiye Mwanatatu, alishinda kwa Phoebe kama kwao.

Kisha Mwanatatu akatazama video moja kwenye simu hadi mwisho. Mwanamke alikuwa akilia kwamba jirani aliyempenda mwanawe ndiye aliyemchukulia mtoto huyo nyota, bahati yake. Video hiyo Mwanatatu hakuitafuta, ilijileta. Kesho yake zikaja nyingine, halafu msururu. Punde akaanza kumchunguza Phoebe. Mbona hufagia ushoroba alfajiri, watu hawajaamka? Mbona amwita Mishi kila mara? Hata kicheko chake akakisikia kina kitu ndani.

"Simu yako nayo yakuonyesha mambo haya?" alimwuliza Jafar.

"Yangu yaniletea mpira tu. Ndio niutazamao. Nawe yakuletea utakayo."

"Kwani mimi nayataka haya?"

Jafar alikuwa ameshatoka.

Mishi aliposhikwa na homa, Phoebe alileta uji wa wimbi. Mwanatatu akaupokea kwa bashasha, kisha akaenda kuumwaga mtaroni. Alipogeuka, Phoebe alikuwa amesimama, mwanawe Fidel mgongoni.

"Umemwaga, Mama Mishi."

"Nzi ameingia, mwenzangu."

"Usinidanganye. Hata mimi nguo za Fidel sianiki tena kwa kamba yetu. Naanika ndani zinanuka unyevu, juu yako."

"Mimi? Nimekufanyani?"

Phoebe akatoa simu. Kwenye video, kijana mmoja alikuwa akieleza jinsi wanawake wa pwani wanavyofuga majini na kuyalisha damu za watoto wa wageni. Nyuma yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyejitanda leso, wanja machoni, akitabasamu. Mwanatatu alihisi anajitazama yeye mwenyewe, ila amegeuzwa mtu mbaya.

"Wallahi, mimi hata paka simfugi!"

Phoebe akaangua kicheko, na Mwanatatu naye hakujizuia. Akamwonyesha simu yake. Phoebe akatazama, kicheko kikamkauka.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye niliyekuwa nikimwona."

Wakaombana radhi, na radhi ilikuwa ya kweli. Siku ya pili, dawa za zahanati zimekwisha kumshusha Mishi homa, Phoebe alitaka kufika sokoni. Akampa Mwanatatu Fidel ampakate. Mwanatatu akampokea kwa mikono miwili.

Phoebe alikwenda kidogo, akageuka kutazama. Akaendelea. Kabla ya kupinda kona, akageuka tena.

Mwanatatu akamtikisia mkono mdogo wa mtoto, kumuaga mamake. Hakumlaumu. Lau ni yeye, labda asingefika hata kwenye kona.