Swichi Iliyosema Ta

Swichi ya taa katika Pijo kuukuu ya Mzee Nyamai ilikuwa na mdomo. Kila jioni alipofika nyumbani Kalamba na kuzima taa za gari, ilisema "ta!", na mkewe Syokau akaitikia kutoka jikoni, "Chai iko!" Tangu ugonjwa wa sukari umnyang'anye macho, mlio huo ndio uliomjulisha kuwa mumewe amefika, maana wanunuzi wa maembe huingia uani na magari yao kutwa nzima.

Kisha swichi ikafa. Fundi wa jirani akaing'oa na kubandika kijiswichi cha plastiki kisicho na sauti. Jioni hiyo Syokau alisimama mlangoni ameshika mwiko.

"Nuu?" akauliza kwa Kikamba. Ni nani?

Kesho yake akauliza tena. Jamani, mtu kuulizwa na mke wake mwenyewe kuwa yeye ni nani, tena mlangoni pake! Nyamai aliumia. Akaifunga swichi ile ya zamani kwenye leso, akaipeleka sokoni Tawa kwa Kavata, fundi wa umeme wa magari.

Mwanamke yule ana mikono! Aliifungua swichi juu ya gazeti bila kupoteza hata kipini. Vipande vya shaba vilikuwa vimeota ukoga wa kijani, akaviloweka kwenye maji ya ukwaju, akavisugua kwa mswaki mpaka vikang'aa. Ulimi uliopinda akaunyoosha kwa koleo, polepole, amezuia pumzi. Nyamai alikuja na mashaka yake yote, lakini sasa alikuwa ameinama mezani, chai yake imepoa mkononi. Alitamani Syokau angeona kazi ile.

Kavata akapaka grisi, akafunga swichi, akairudisha garini. Taa zikawaka. Nyamai akazima.

Kimya.

"Iko smooth, ama?" Kavata alijivuna kidogo.

"Iko sawa, fundi. Bwana asifiwe." Lakini hakuwasha gari.

"Mzee, hiyo sura haisemi iko sawa. Nini mbaya?"

Nyamai akamweleza yote, hata mwiko. Kavata alianza kucheka, kisha akaacha.

"Aiya! Si ungesema! Mimi kelele kwa gari naona ni ugonjwa. Nimeitibu!"

Akaifungua upya, akafuta grisi. Springi ya ndani ilikuwa imechoka, basi akachomoa kalamu mfukoni, akatoa springi yake, akaikata na kuipachika. Ikasema "ti". Akatikisa kichwa, akaitoa, akaivuta kidogo, akairudisha.

"Ta!"

"Hiyo!" Nyamai alipiga kelele mpaka wauza mboga wakageuka. "Ndiyo hiyo, mwanangu!"

Jua lilikuwa linazama alipoingia uani. Akazima taa. Ta! Jikoni kimya. Moyo ukamshuka. Akawasha, akazima tena. Ta! Hakuna neno. Labda Syokau alikuwa amesahau mlio wenyewe. Akajaribu mara nyingine.

"Wewe Nyamai!" Sauti ya Syokau ilitoka jikoni, kicheko na kilio pamoja. "Wacha kuchezea taa, utamaliza betri! Nilikusikia ile ya kwanza."

"Na mbona ukanyamaza?"

"Ndio uirudie."