Jina la Hamdan kwenye Ngoma

Ungemuuliza Inshirah nani aliuanzisha ule wimbo waliokuwa wakiupigia kelele wanajeshi Kairo nzima mwaka ule wa vita, angekwambia ni Zaki, mpigaji wake wa ile ngoma ya tabla. Mwongo, Inshirah huyo. Aliuanzisha mwenyewe, alasiri moja ya joto, katika ukumbi wa Bi Fikriya, askari wa Kiingereza walipochoka kumsikiliza wakaanza kugonga chupa mezani. Zaki alimnong'oneza aimbe chochote kile, mradi kiwe cha haraka. Yakamtoka maombolezo ya shangazi yake.

Hapo ndipo penye aibu, na tusipazunguke. Shangazi yake, Bi Nabawiya wa mtaa wa Bulaq, alikuwa na mtoto mmoja tu, Hamdan, aliyenyonya ziwa moja na Inshirah. Hamdan alikwenda kufanya kibarua cha kupakua mabomu kwenye ghala la jeshi huko jangwani, moja likalipuka, na kilichorudi nyumbani ni ndara moja ya mguu wa kushoto. Mama akamtungia maombolezo yake, kama wanavyofanya akina mama wa kwao Misri ya Juu, kila maiti na maneno yake, na maneno hayo hayatoki nje ya matanga. "Ee Hamdan, ee Hamdan, mkate wako umepoa." Inshirah aliyaimba mbio mbio huku akikata kiuno. Askari hawakujua Kiarabu, lakini jina lilikuwa rahisi, wakalidaka palepale. Labda walidhani Hamdan ni bwana harusi, au mlevi fulani.

Haukupita mwezi, malori ya jeshi yakawa yanapita Bulaq yamejaa askari wanaopayuka, "Ee Hamdan, ee Hamdan!" Bi Nabawiya alikuwa akianika nguo. Aliziacha kwenye beseni, akaenda moja kwa moja hadi chumbani kwa Inshirah, anahema, machozi yanamtiririka na huku anatabasamu.

"Wanamlilia mwanangu," alisema. "Nimewasikia kwa masikio yangu, Inshirah. Nami nilidhani kule jangwani hakuna aliyemjua hata jina."

Ukweli ungesemwa wakati ule, ungeuma na ungekwisha.

"Ni wenzake wa kambini, shangazi. Walimpenda sana."

"Wanakuja huko unakoimba?"

"Wanakuja."

"Basi Alhamisi nitawapelekea rehema yake."

Rehema ni ile mikate midogo mitamu ambayo wafiwa huwagawia watu makaburini. Anayeila humtaja marehemu kwa jina na kumwombea. Inshirah alijaribu kumzuia, akasema ukumbini kuna ulevi, kuna wanawake wasio na haya. Mama yule alimwambia kwamba waliomlilia mwanawe hawezi kuwachagulia pa kukaa.

Inshirah alimwomba Zaki wauache ule wimbo. Zaki akacheka, akasema Bi Fikriya angekubali kuuza ukumbi wake kuliko kuuacha wimbo huo. Mwishowe wakakubaliana kwamba angalau wataupiga polepole.

Alhamisi alasiri Bi Nabawiya aliingia amejitanda nguo nyeusi, kikapu kichwani, akakaa karibu na mlango wa jikoni. Inshirah alianza polepole, kama ipasavyo. Mstari wa kwanza, wa pili. Shangazi yake alifumba macho. Kisha askari wakaguna, chupa zikaanza kugongwa, wakawa wanadai, "Hamdan! Hamdan!" Zaki alimtupia jicho Bi Fikriya, vidole vyake vikarudia mwendo wa haraka. Na Inshirah, asiyelazimishwa na mtu, kiuno chake kikaifuata tabla. Mpaka uzeeni alijichukia kwa hilo kuliko kwa ule uongo, kwamba miguu yake ilijua pa kukanyaga na haikungoja ruhusa.

Alimwona shangazi yake akifumbua macho, akamtazama yeye, akawatazama askari wanaocheza wameshikana mabega, akasimama. Inshirah aliomba aondoke. Hakuondoka. Alikinyanyua kikapu akapita meza hadi meza, akimpa kila askari mkate wake na kusubiri. Walikula. Wengine, kwa kutaka kumfurahisha bibi wa watu, walimtamkia neno pekee walilolijua la wimbo ule: Hamdan. Naye kila mmoja alimwitikia, "Amina."

Wimbo ulipokwisha, alifika mbele ya jukwaa. Kikapuni ulikuwa umebaki mkate mmoja. Inshirah alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitazamia hasira usoni pa mama yule, angalau apate kulia, lakini hasira haikuwapo.

"Hawa hawajui wanachokiimba," alisema Bi Nabawiya kwa sauti ya chini. "Sina neno nao. Wewe kula, mwanangu, umtaje."

Inshirah aliupokea akaumega. Akala tonge moja. Alitaka kusema tu kama wanavyosema watu, Mungu amrehemu Hamdan, maneno matatu ambayo hata mtoto anayaweza. Alifungua kinywa. Jina likamtoka na mdundo wake, mbio mbio, na bega likamruka kabla hajalizuia.

Askari wa meza ya mbele wakaitikia.